Andika kabla ya kufungua: makaratasi na makosa ya mafundi wa ndege

Kiangazi kikikolea hapa Dodoma, upepo unapiga tangu asubuhi, na ndege ndogo iliyolala nje siku mbili inakuwa na rangi ya udongo. Basi inaoshwa. Kabla ya kuimwagia maji lazima uzibe matundu: mrija wa pitoti ulio kwenye bawa, unaopokea upepo wa mbele ili kupima kasi, na vile vitundu vya kupimia shinikizo la hewa ubavuni, vidogo kiasi kwamba abiria hupita pembeni yake bila kuviona. Maji au vumbi vikijaa humo, mita za kasi na za kimo zinaanza kusema uongo. Vizibo rasmi ni vyekundu na vina utepe mrefu unaopepea, hata asiye fundi atauona. Shida ni siku ambayo vizibo vimepotea na mtu anachukua selotepu.

Tarehe 2 Oktoba 1996, Boeing 757 ya Aeroperú iliondoka Lima usiku kwenda Santiago ikiwa na watu 70. Ilikuwa imetoka kusafishwa. Aliyeisafisha alikuwa ameziba vitundu vya ubavuni kwa utepe wa kunata wa rangi ya fedha, rangi ileile ya bodi ya ndege, kisha hakuubandua. Msimamizi hakuuona, na rubani aliyeizunguka ndege hakuuona. Walipokuwa juu ya bahari gizani, mita za kasi na za kimo zilikuwa zinawadanganya zote pamoja. Hakuna aliyepona.

Kwangu mimi kuziba kitundu na kufungua paneli ni kazi ya aina moja. Umeitoa ndege kwenye hali yake, na tangu hapo haifai kuruka mpaka mtu airudishe ilivyokuwa. Kadi ya kazi, ile karatasi unayoandika ulichofungua na ulichofunga, ipo hasa kwa ajili ya huo muda wa katikati. Ajabu ni kwamba vijana wengi wanaokuja karakana wanaiona kadi kama kitu cha mwisho: unafanya kazi, unanawa mikono kwa dizeli, unakaa kitako unajaza. Ukijaza mwisho unaandika unachokumbuka, na kile ulichokisahau kwenye ndege utakisahau na kwenye kadi. Karatasi itatoka safi, imesainiwa, imepigwa muhuri, na haitakuwa na msaada wowote.

Ajali ninayoitumia zaidi ninapowafundisha ni ya Texas, tarehe 11 Septemba 1991. Continental Express walikuwa na Embraer 120, ndege ya mapangaboi yenye mkia wa umbo la T, yaani bawa dogo la nyuma limekaa juu kabisa ya mkia. Usiku uliotangulia ilikuwa Houston ikibadilishwa vipande vya mpira vya kuzuia barafu kwenye ukingo wa mbele wa hilo bawa la juu, upande wa kulia na wa kushoto. Zamu ya jioni ikaanza. Mkaguzi mmoja, kwa moyo mwema kabisa, akapanda kusaidia na kufungua skrubu 47 za upande wa juu, kushoto. Zamu ikabadilika. Walioingia wakamaliza kulia, wakaona muda hautoshi, wakaamua kushoto kungoje usiku mwingine.

Lakini kushoto kulikuwa kumeshafunguliwa nusu. Skrubu za chini zilikuwepo, za juu hazipo, na juu ya mkia ule huwezi kuona chochote ukiwa umesimama chini. Asubuhi ndege ikaenda Laredo na kufika salama. Wakati wa kurudi Houston, ule ukingo ukang'oka na ndege ikasambaratika hewani. Watu 14 walikufa.

Maneno yalisemwa usiku ule. Makabidhiano yalifanyika, ila kwa mdomo, na hayakumfikia aliyepaswa kuyapata. Kilichokosekana ni kadi moja yenye sentensi moja: skrubu za juu kushoto zimetolewa. Kadi hiyo ingekuwepo, hata kama wote wangekwenda kulala, ndege isingepata saini ya kuruka.

Sasa kwa nini mtu haandiki? Wengi watakwambia ni uvivu. Mimi sikubali. Fundi anayeweza kulala chali chini ya injini mchana wa Oktoba si mvivu. Sababu ni kwamba ukiandika umeishusha ndege. Ukishaandika "paneli ya chini ya bawa la kulia imefunguliwa", ndege hiyo imesimama mpaka mwenye leseni aje, aone imefungwa, asaini. Na mwenye leseni huenda yuko upande wa pili wa uwanja, rubani ameshaulizia mara mbili, abiria ni mheshimiwa ana kikao Dar es Salaam. Kijana anajiambia, "Nafungua mara moja tu, nachungulia, nafunga, nani ataandika kitu cha dakika tano?" Halafu simu inaita. Au bosi anaita, "Fundi, hebu njoo unishikie hapa." Zile dakika tano ndizo zinazozaa matatizo, maana kazi ya siku tatu kila mtu anajua iko wazi.

Karakana inayotaka watu waandike lazima iwarahisishie kazi hiyo. Kadi ziwe palepale chini ya bawa pamoja na kalamu yenye kamba, si ofisini kwenye kabati lililofungwa. Skrubu ziingie kwenye mfuko wenye namba ya kadi, na mfuko ufungwe kwenye ndege yenyewe, karibu na tundu zilikotoka. Kikopo cha maziwa kilichoachwa sakafuni hakihesabiki. Na anayekukatiza kazi akute mazoea haya: unarudi nyuma hatua tatu za kazi, ndipo unaendelea.

Kuna kosa jingine ambalo kadi haiwezi kuliokoa peke yake. Juni 1990 kioo cha mbele cha BAC One-Eleven ya British Airways kiling'oka angani nchini Uingereza, na kapteni akavutwa nje nusu mwili wakati wenzake wamemshika miguu. Alipona, ndege ikatua Southampton. Kioo kilikuwa kimebadilishwa usiku. Bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa sababu aliyezitafuta alizilinganisha kwa macho na bolti ya zamani badala ya kufungua katalogi. Na ile bolti ya zamani nayo haikuwa sahihi! Kazi yenyewe haikuhitaji mkaguzi wa pili, kwa hiyo kosa halikukutana na mtu mwingine. Tangu nisome hilo, "nimeilinganisha na iliyokuwepo" si jibu ninalolipokea.

Baada ya ajali ya Texas, mjumbe mmoja wa bodi ya uchunguzi ya Marekani, John Lauber, alitofautiana na wenzake kwa maandishi. Aliona haitoshi kuwalaumu mafundi na wakaguzi wakati uongozi wa kampuni ndio uliojenga mazoea yale. Nipo upande wake. Ukimfukuza aliyesahau skrubu, unachopata ni karakana ambayo hakuna anayekubali kwamba aliwahi kufungua kitu.

Nimalizie na hesabu, kwa sababu ndiyo inayotusumbua zaidi kwenye ndege ndogo. Saa za ndege zinaandikwa kwa desimali. Saa moja na dakika 45 ni 1.75, wala si 1.45. Ukikosea hapo umeiba dakika 18 kwa safari, na safari kumi ni saa tatu nzima zilizopotea kwenye ukaguzi unaofanywa kila saa 100 za kuruka. Tarehe nazo: kazi iliyokwisha saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumanne, kwa saa za kimataifa ni 22:30 ya Jumatatu. Kadi ikisema Jumanne na kitabu cha ndege kikasema Jumatatu, kifaa chenye kikomo cha tarehe kinaweza kuonekana kizima kumbe kimepitiliza. Chagueni saa moja, mwiandike kila mahali. Na kwa injini na vifaa vinavyohesabiwa kwa mizunguko, yaani kila kuruka na kutua, rubani aliyeruka asubuhi akapita vijiji vitatu na kurudi Dodoma huwa anaandika mstari mmoja tu. Muulize alitua mara ngapi, aandike mbele yako, kabla hajaenda kunywa chai.