Je, wajua kwa nini mabaki ya rigresheni, yaani makosa ya mstari unaopitishwa katikati ya nukta ili kutabiri thamani, huzidishwa yenyewe kwa yenyewe kabla ya kupimwa kama mtawanyiko wake ni sawa?

Mwaka 1857 mwanatakwimu Mjerumani Ernst Engel alichapisha uchambuzi wa matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, na takwimu za kaya 235 kati ya hizo zinafundishiwa hadi leo. Ukizichora, kipato kwenye mhimili wa chini na matumizi ya chakula kwenye mhimili wa wima, nukta hutanuka kama upepeo wa ukili: kaya maskini zimebanana karibu na mstari wa rigresheni, zenye uwezo zimesambaa juu na chini yake. Asiye nacho hununua chakula cha kumtosha tu, ilhali mwenye nacho anaweza kuandaa karamu au kubana matumizi. Mtawanyiko huu usio sawa ndio wataalamu wanaouita heteroskedastisiti. Kwa kawaida haupotoshi mteremko wa mstari. Unachoharibu ni kosa sanifu, yaani kipimo cha uhakika tulio nao juu ya mteremko huo.

Unagunduliwaje? Nilipoulizwa swali hili kwa mara ya kwanza, nilijibu bila kusita: chukua mabaki, yaani tofauti kati ya thamani halisi na ile inayotabiriwa na mstari, kisha utazame kama yana uhusiano na kipato. Nilifanya hivyo, nikapata uhusiano wa sifuri kamili, nikaandika kwenye ripoti kwamba mtawanyiko ni sawa. Sifuri ile ilipaswa kunishtua, kwa sababu takwimu za watu halisi hazina desturi ya kutoa sifuri safi namna hiyo.

Ukweli ni kwamba jibu haliwezi kuwa jingine. Njia ya miraba midogo kabisa, ndiyo inayouchora mstari wa rigresheni, huuzungusha na kuuinua mstari mpaka jumla ya miraba ya mabaki (kila baki likizidishwa kwa lenyewe) ishindwe kupungua zaidi. Kama mabaki yangekuwa bado yanapanda pamoja na kipato, hata kidogo, kuuinamisha mstari kiasi hicho kungeipunguza jumla hiyo, kwa hiyo kazi isingekuwa imekwisha. Kuyauliza mabaki kama yana uhusiano wa mstari na kipato ni sawa na kumnyoa mtu upara, kisha kumkagua chawa na kushangaa kuwa hana. Sifuri hiyo hutokea mtawanyiko uwe sawa au usiwe sawa.

Fikiria mabasi mawili. La asubuhi huwahi dakika 2 leo na kuchelewa dakika 2 kesho; la jioni huwahi dakika 20 leo na kuchelewa dakika 20 kesho. Ukitafuta wastani, yote mawili yanafika kwa wakati, jambo ambalo abiria wa jioni hatakubali asilani. Kuwahi kumefuta kuchelewa. Lakini ukizidisha kila namba kwa yenyewe, alama ya kutoa inatoweka, na unabaki na 4 kwa basi la kwanza na 400 kwa la pili.

Sasa turudi kwenye mstari. Tuseme kuna kaya sita: mbili zina kipato cha 1 na mabaki ya 1 na −1, mbili zina kipato cha 2 na mabaki ya 2 na −2, mbili za mwisho zina kipato cha 3 na mabaki ya 3 na −3. Mabaki yenyewe hayaelezwi na kipato hata chembe. Miraba yake ni 1, 1, 4, 4, 9 na 9, na kipato kinaeleza takribani asilimia 98 ya tofauti zake.

Kipimo cha Trevor Breusch na Adrian Pagan cha mwaka 1979, katika sura aliyoirekebisha Roger Koenker mwaka 1981 ili kisitegemee mabaki kufuata mgawanyo wa kawaida (ule wa umbo la kengele), hakina siri zaidi ya hiyo. Sehemu ya tofauti za miraba inayoelezwa na kipato huzidishwa kwa idadi ya kaya, na kwa kigezo kimoja (hapa ni kipato), katika kiwango cha asilimia 5, yaani tukikubali kupiga kelele bila sababu mara 5 kati ya 100, jibu linalozidi 3.84 hutia shaka dhana ya mtawanyiko sawa. Kaya zetu sita zinatoa takribani 5.88, ingawa mpaka huo umekusudiwa sampuli kubwa na sita ni za mfano tu. Kwa kaya 235 inatosha kipato kieleze asilimia 1.7 ya miraba hiyo, kiasi ambacho katika kazi nyingine yoyote tungekiita si kitu.

Hata hivyo kipimo hiki huona upepeo, si kila umbo. Mtawanyiko ukiwa mpana kwenye ncha zote mbili na mwembamba katikati, miraba hushuka kisha hupanda, na mstari ulionyooka unaweza kupita hapo bila kugundua lolote. Kipimo cha Halbert White cha mwaka 1980 huongeza miraba ya vigezo, na vigezo vikizidishwa kimoja kwa kingine, kwa sababu hiyo. Vyote viwili vinaweza pia kupiga kelele pale ambapo kosa ni mstari kulazimishwa mahali penye mkunjo, na hapo ni mchoro wa nukta unaoonyesha kosa liko wapi.