Usuluhishi si msamaha: maswali yanayorudi kila tunapokaribia uchaguzi

Kadiri uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2027 unavyokaribia, ndivyo malalamiko kuhusu matamshi ya wanasiasa yanavyozidi kufika katika afisi zinazoshughulikia uwiano. Pamoja nayo yanarudi maswali mawili ambayo yamejibiwa mara nyingi: kwa nini wahusika wanaitwa mezani badala ya kutiwa pingu, na kwa nini mtu bado anashtakiwa ilhali viongozi wamekwisha kupeana mikono. Yote mawili yanatokana na dhana kwamba usuluhishi hufuta mashtaka. Haufuti, na ushahidi wa jambo hilo uko katika historia yetu wenyewe.

Ghasia zilizofuata kutangazwa kwa matokeo ya urais tarehe 30 Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu makwao. Jopo la Umoja wa Afrika lililoongozwa na Kofi Annan, akiwa pamoja na Graça Machel na Benjamin Mkapa, halikuanza kwa kuuliza nani alishinda. Ajenda ya kwanza ilikuwa kukomesha ghasia na kurejesha haki za raia, ya pili hali ya waliohamishwa, ya tatu mzozo wa kisiasa wenyewe, na ya nne mambo ya muda mrefu kama ardhi, katiba na ukosefu wa ajira. Wengi hukumbuka tu Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga wakitia saini mkataba wa kugawana mamlaka nje ya Harambee House tarehe 28 Februari 2008. Ni muhimu zaidi kujua kwamba ajenda mbili za kwanza zilikubaliwa mapema mwezi huo, wakati suala la kugawana mamlaka lingali limekwama, na kwamba lilipokwama kabisa Annan alisimamisha vikao vya wajumbe, akawaendea wakuu wawili moja kwa moja.

Mkataba ule haukumsamehe mhalifu yeyote. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilipendekeza mahakama maalum ya kuwahukumu wahusika, Bunge likaukataa mswada wake Februari 2009, na Julai mwaka huo Annan akakabidhi bahasha ya majina ya washukiwa kwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kwamba kesi zile ziliisha bila yeyote kuhukumiwa kwa ghasia zenyewe ni jambo la kuhuzunisha, lakini si kosa la meza ya mazungumzo.

Katika mazungumzo hayo ndimo ilimotoka Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, Nambari 12 ya 2008. Kifungu cha 13 kinakataza maneno, maandishi au picha za vitisho, matusi au dharau zinazokusudiwa kuchochea chuki ya kikabila, au zinazoelekea kuichochea kwa kuzingatia mazingira yote. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kifungu cha 62 kinahusu maneno yanayokusudiwa kuchochea dharau, uhasama au ubaguzi kwa misingi ya kabila au rangi. Faini ni ile ile, ila kifungo hufika miaka mitano. Gazeti au kituo cha redio kinachoyachapisha au kuyatangaza maneno hayo kinatenda kosa pia, kwa hiyo mtangazaji asijifiche nyuma ya mpigaji simu.

Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, inayosimamia sheria hii, hupokea malalamiko, huchunguza na hupatanisha; uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na hukumu ni ya mahakama. Tunaomba, kwa mara nyingine tena, wananchi waache kuuliza kwa nini Tume “haijamfunga” mtu. Vilevile, kumtukana mwanasiasa kwa jina lake, hata kama ni utovu wa adabu, si lazima kuwe ni uchochezi wa kikabila. Sheria inaangalia kundi linalotambulishwa kwa rangi, uraia, kabila au asili.

Wazee na kamati za amani za mashinani wana nafasi yao, na Kifungu cha 159 cha Katiba kinazitambua njia za jadi za kutatua migogoro, mradi zisikiuke haki za binadamu wala sheria. Fidia ya mifugo inaweza kuzuia kisasi kati ya koo mbili, na huko kaskazini imewahi kufanya hivyo, lakini kulipwa kwa ngamia hakuizuii Serikali kumshtaki aliyeua.

Mlalamikaji aandike maneno yenyewe kama yalivyosemwa, kwa lugha iliyotumika, pamoja na mahali, tarehe na jina la msemaji ikiwa linajulikana. Rekodi ihifadhiwe nzima bila kukatwa, kwa sababu kipande cha sekunde chache hakionyeshi mazingira ambayo Kifungu cha 13 kinataka yapimwe. Na isisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp eti kwa lengo la kulalamika.