Lambo la kijiji: maswali na majibu kuhusu tuta, konokono na maji ya kunywa

Katika vijiji vingi vya Shinyanga, Simiyu, Singida na Dodoma, lambo moja, yaani bwawa dogo la maji yaliyozuiwa kwa tuta la udongo, hubeba mambo yote: maji ya kupikia, ya kufulia, ya ng'ombe, na pa watoto kuogelea. Haya ni maswali ambayo watu wa lambo huuliza.

Tuta ni kazi ya wahandisi. Linahusiana vipi na afya?

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel huko Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilipasuka baada ya mvua kubwa za masika. Watu wasiopungua 47 walikufa. Hakuna zahanati inayoweza kutibu tukio la namna hiyo, linazuiwa tu.

Lakini kuna uhusiano mwingine wa kila siku. Ng'ombe anayepanda tuta kwenda kunywa hukata nyasi kwa kwato, na mvua inayofuata hugeuza njia yake kuwa mfereji. Akishafika majini, anakunya humo humo. Tuta linaliwa na maji yanachafuka kwa safari moja ya ng'ombe mmoja. Ndiyo maana naona uzio na birika la kunyweshea mifugo, lililojengwa chini ya lambo na kuletewa maji kwa bomba, ni dawa kubwa kuliko nyingi zilizopo kabatini.

Nitajuaje kwamba tuta limeanza kuharibika?

Tembea upande wa nje, chini kabisa, asubuhi kabla jua halijakausha unyevu. Tafuta mahali penye majani mabichi kupita kiasi wakati kwingine kumekauka, au udongo unaozama ukiukanyaga. Matuta mengi ya udongo huvuja kidogo, na hilo peke yake si la kutisha. Swali ni rangi. Kinga maji hayo kwenye glasi au chupa nyeupe, uyaache yatulie. Yakiwa maangavu, weka alama ya kijiti mahali hapo na urudi kila wiki kuangalia kama yanaongezeka. Yakiwa na tope, maana yake yanabeba udongo wa ndani ya tuta, na shimo linakua kwa ndani bila wewe kuliona. Hapo usingoje kikao kijacho. Toeni taarifa siku hiyo hiyo, funguliwe valvu ya kutolea maji ili kina kishuke, na wanaoishi mkondo wa chini waambiwe wahame kwa muda. Yeyote asiende kusimama juu ya tuta kushangaa.

Angalia pia nyufa, hasa zinazofuata urefu wa tuta, na mahali palipobonyea juu. Maji hupita kwanza palipo chini, na lambo la udongo likishapitiwa na maji juu ya tuta, linaweza kuondoka ndani ya saa chache.

Tumepanda miti juu ya tuta ili ishike udongo. Si vizuri?

Nia ni nzuri, mahali ndipo si pake. Mti ukifa, mizizi huoza na kuacha mirija inayopitisha maji. Vichaka navyo huficha mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa. Juu ya tuta weka nyasi fupi zinazotambaa. Miti ipelekeni kwenye vilima vinakotoka maji.

Wavuvi wameziba utoro wa maji ili samaki wasitoroke. Kuna ubaya?

Ubaya mkubwa. Utoro ndio mlango wa mafuriko: mvua kubwa ikija, maji ya ziada hutokea pale badala ya kupanda juu ya tuta. Uzibueni leo. Vilevile usilimwe mahindi, wala usiongezwe mifuko ya mchanga ili lambo lijae zaidi.

Watoto wetu wanakojoa damu. Ni lambo?

Mara nyingi ndiyo, na jina lake ni kichocho. Sehemu nyingine watu huchukulia matone mekundu ya mwisho wa mkojo kuwa dalili ya mvulana kukua. Si kukua. Ni mayai ya mnyoo yanayochana kuta za kibofu ili yatoke nje.

Mzunguko wake unahitaji vitu viwili: mkojo au kinyesi cha mgonjwa kiingie majini, na konokono wa maji yaliyotulia. Konokono hao hukaa kwenye magugu ya ukingoni. Geuza jani la yungiyungi utawakuta wameganda upande wa chini, wengine wadogo kama punje ya mahindi. Baada ya wiki kadhaa wanaanza kutoa viluwiluwi vya mnyoo huyo visivyoonekana kwa macho, hasa saa za jua kali, ambavyo hutoboa ngozi ya mtu ndani ya dakika chache. Huna haja ya kunywa maji hayo, kuingiza miguu tu kunatosha.

Ukubwa wa lambo hauleti kinga. Bwawa la Diama kwenye mto Senegal lilipokamilika mwaka 1986, mji wa Richard-Toll nchini Senegal ulikuwa hauna kichocho cha tumbo. Wagonjwa wa kwanza walionekana mwaka 1988, kisha ukawa mmoja wa miji iliyoathirika vibaya zaidi Afrika Magharibi.

Mwanamke naye anaweza kupata vidonda vya kichocho ukeni na kwenye mlango wa kizazi. Huambiwa ana ugonjwa wa zinaa, ndoa ikaingia shaka bure. Dada mwenye maumivu au damu isiyo ya hedhi, na aliyekua akichota maji lamboni, amweleze mhudumu wa afya historia hiyo.

Tukimeza dawa za shuleni, yameisha?

Prazikwanteli, ndiyo dawa ya kichocho inayotolewa shuleni, huua minyoo iliyokomaa, na ni vizuri mtoto awe amekula kabla ya kuimeza. Haimkingi na maambukizi mapya. Akirudi kuogelea Jumamosi, ameanza upya. Dawa lazima iende na vyoo, kung'oa magugu ya ukingoni (kwa viatu vya mpira na glavu), na kituo cha kuchotea maji kwa bomba ili mtu asiingie majini. Maji ya kuogea yaliyochotwa na kufunikwa kwa siku mbili bila konokono ndani huwa salama kwa kichocho, kwa sababu viluwiluwi hao hufa.

Maji yana tope. Nitie klorini moja kwa moja?

Hapana, tope humaliza nguvu ya klorini. Yaache yatulie, au tumia shabu au mbegu za mlonge zilizotwangwa, kisha chuja kwa kitambaa safi. Baada ya hapo weka dawa kwa kipimo cha kwenye pakiti na usubiri dakika 30. Au yachemshe mpaka yatokote kwelikweli. Mlonge peke yake unang'arisha maji. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo vinabaki.

Yamekuwa ya kijani na yananuka. Nikichemsha?

Usiyanywe, wala usinyweshe mifugo. Aina fulani za mwani hutoa sumu isiyoondoka kwa moto. Huchochewa na mbolea na samadi zinazooshwa kutoka mashambani. Hivyo hivyo kwa viuatilifu: anayeosha bomba la kupulizia pamba lamboni ameweka kitu ambacho sufuria haikiondoi.

Lambo ndilo linaleta malaria?

Katikati ya maji yenye mawimbi, si sana. Mbu wa malaria hupenda kingo zenye magugu na vidimbwi vya kwato vinavyobaki maji yakipungua. Kwa hiyo tunarudi kwa yule ng'ombe.

Nani anawajibika?

Kijijini ni chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, na juu yake RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) wilayani. Bodi ya maji ya bonde lenu inahusika na usalama wa bwawa lenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 za bwawa, ingawa ukweli ni kwamba bustani nyingi za nyanya ziko mita tano. Bila kulinda vilima vya juu, tope litajaa tu. Bwawa la Mindu, linalonywesha mji wa Morogoro, linalijua tatizo hilo.

Mkipiga simu msiseme "lambo linavuja." Semeni linavuja upande gani, hatua ngapi kutoka kwenye utoro, maji yana rangi gani, tangu lini, na kaya ngapi ziko chini yake. Tumeni na picha, mkiweka jembe pembeni ili ukubwa uonekane.