Kulipa mkopo wa nyumba mapema: maneno ya mtaani na hesabu yenyewe

Waganda wengi hujenga bila benki. Mtu ananunua kiwanja Matugga au Mukono, anachimba msingi mwaka huu, mwakani anapandisha kuta, kisha paa linangoja bonasi au mavuno ya kahawa. Kwa hiyo anayechukua mkopo wa nyumba hushauriwa na watu ambao hawajawahi kuuchukua: shemeji, jirani, wenzake wa nigiina, yaani kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu. Wakishindwa hao, anaingia mtandaoni, ambako ushauri mwingi wa Kiswahili umeandikwa na Wakenya na Watanzania kwa sheria na kodi za kwao. Katika mchanganyiko huo zimezaliwa dhana zinazogharimu familia mamilioni, na nyingine zinafanana sana na busara.

Tuweke mkopo mmoja wa mfano mezani tuutumie hadi mwisho: shilingi milioni 100, riba ya asilimia 16 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya salio linalopungua, muda wa miaka 15. Malipo ya kila mwezi yanakuwa takriban 1,469,000. Riba yako huenda ikawa juu au chini ya hapo, ila mwenendo wa hesabu haubadiliki.

"Nusu ya muda ikipita, nusu ya deni imeisha"

Laiti ingekuwa hivyo. Mwezi wa kwanza, katika zile 1,469,000, riba inameza 1,333,000. Kinachobaki kupunguza deni lenyewe ni kama 135,000. Mwaka wa kwanza ukiisha umelipa milioni 17.6, na deni limeshuka kwa milioni 1.75 tu. Baada ya miaka 10, yaani theluthi mbili ya muda, umelipa milioni 176 na bado unadaiwa zaidi ya milioni 60.

Mtu akiona taarifa kama hiyo husema benki imemwibia. Hapana, haijamwibia. Riba inatozwa juu ya salio la mwezi uliopita, na mwanzoni salio ni kubwa. Deni linapopungua riba nayo inapungua, na sehemu kubwa zaidi ya malipo yale yale inaanza kula deni. Tatizo ni kwamba ukiacha mambo yaende yenyewe, mabadiliko hayo yanachelewa mno.

"Acha nipate pesa ya maana kwanza, hizi ndogo ndogo hazisaidii"

Hii ndiyo dhana ghali kuliko zote, na husemwa na watu makini, wanaojua kupanga. Wanasubiri kuuza kiwanja cha kijijini, au kupata malipo ya mkupuo kazini. Wakati huo riba haisubiri.

Chukua milioni 5. Ukizilipa juu ya deni mwishoni mwa mwaka wa kwanza, huku ukiendelea na malipo yako ya kila mwezi bila kuyapunguza, mkopo unaisha zaidi ya miaka miwili kabla ya wakati wake, na ukitoa zile 5 zako umeokoa karibu milioni 34. Milioni 5 hizo hizo ukizilipa mwishoni mwa mwaka wa kumi, unapunguza miezi kama saba na kuokoa chini ya milioni 6. Kilichotofautiana ni tarehe tu.

Sasa zile ndogo ndogo. Ukiongeza 200,000 kila mwezi tangu mwanzo, mkopo wa miaka 15 unakwisha baada ya miaka 10 na mwezi mmoja au miwili. Umetoa ziada ya kama milioni 24, na riba uliyoikwepa ni takriban milioni 62. Sisemi kwamba 200,000 ni pesa ya kuokota njiani. Katika nyumba yenye watoto watatu ni tokeni za Yaka (umeme wa kulipia kabla), gesi na nauli za boda za mwezi mzima. Ukipata 50,000 anza na hizo. Mwenye 50,000 leo anamshinda anayeota milioni 20 za mwaka asioujua.

"Nikiweka pesa ya ziada, benki itajua la kufanya nayo"

Hapa ndipo pesa nyingi nzuri hupotelea. Pesa ya ziada ikifika kwenye akaunti bila maelezo, inaweza kukutwa na moja kati ya mambo matatu. Inaweza kukaa tu pale, ikisubiri kukatwa mwezi ujao na ule unaofuata kama malipo ya kawaida. Hapo hujapunguza riba yoyote, umeihifadhia benki pesa zako bure. Inaweza kupunguza deni, kisha benki ikakushushia malipo ya kila mwezi na kuuacha muda wa mkopo ulivyo. Au inaweza kupunguza deni, malipo yakabaki yale yale na muda ukafupishwa.

Rudi kwenye milioni 5 za mwaka wa kwanza. Ukichagua kushushiwa malipo, unapata nafuu ya kama 75,000 kwa mwezi, na hadi mwisho wa mkopo faida yako ni karibu milioni 7.6. Ukichagua kufupisha muda, ni zile milioni 34. Hakuna afisa atakayekuamsha usiku kukueleza jambo hili, na wengine hawalijui.

Sidharau kushushiwa malipo. Familia yenye watoto wawili wanaoingia sekondari inaweza kuihitaji ile 75,000 kila mwezi kuliko kuhitaji kumaliza mapema, na huo ni uamuzi halali kabisa. Muhimu uwe uamuzi wako, na uwe kwenye karatasi. Andika barua: kiasi gani, kipunguze deni lenyewe, muda ufupishwe, malipo ya mwezi yabaki yalivyo. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Baada ya wiki chache omba jedwali jipya la malipo, uangalie tarehe ya mwisho. Kama haijasogea, rudi.

Kabla ya yote hayo, soma barua ya ofa uliyosaini siku ile ukiwa na furaha ya funguo. Mikataba mingine ina ada ya kulipa kabla ya wakati, mingine inaweka kiwango cha chini cha malipo ya ziada au inadai taarifa mapema. Miongozo ya Benki Kuu ya Uganda ya mwaka 2011 kuhusu kuwalinda wateja wa huduma za fedha inadai ada ziwekwe wazi, kwa hiyo uliza bila aibu, na jibu lije kwa maandishi. Ada ikiwa asilimia 1 au 2 ya kiasi unacholipa, kwa riba ya 16 mara nyingi bado unashinda, hasa miaka ya mwanzo.

"Mwenye deni la nyumba hana haki ya kuweka akiba"

Inasikika kama nidhamu, na wahubiri wa fedha wanaipenda. Lakini pesa ukishaipeleka kwenye deni la nyumba, imeingia ukutani. Huwezi kwenda kaunta Februari ukasema, nirudishieni milioni moja na nusu, mtoto amerudishwa getini.

Na Uganda shule zinafunguliwa mara tatu kwa mwaka: Februari, mwishoni mwa Mei au kuingia Juni, na Septemba. Karo si dharura, ni tarehe inayojulikana, ila kila muhula huikuta nusu ya nchi ikihangaika kana kwamba imetangazwa jana. Ongeza kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) ya binti wa kaka, ambayo kundi lake la WhatsApp lina mweka hazina asiyelala. Aliyepeleka kila shilingi benki atakimbilia wapi? Kwa mkopeshaji wa mtaani. Kikomo cha riba kilichowekewa wakopeshaji wenye leseni mwaka 2024 ni asilimia 2.8 kwa mwezi, sawa na 33.6 kwa mwaka. Wasio na leseni usiwaulize. Kuharakisha deni la asilimia 16 halafu ukakopa kwa 33.6 ili kulipa karo ni kurudi nyuma huku unatokwa jasho.

Kwa hiyo mimi ningefuata mpangilio huu: maliza kwanza mikopo ya simu na ya wakopeshaji, weka kando karo ya muhula ujao na matumizi ya miezi michache, mahali unapoweza kuyafikia, kisha kila kinachozidi kiende kwenye nyumba. Wenye mshahara usiotabirika waweke miezi mingi zaidi.

Dhana hii ina mdogo wake: "Mwaka jana nililipa ziada, basi mwezi huu wakinikosa si kitu." Ni kitu. Ziada iliyofupisha muda haikununulii mwezi wa mapumziko. Malipo yaliyoruka yameruka, na chini ya Sheria ya Rehani ya 2009 benki inaweza kukupa notisi ya siku 45 za kazi urekebishe, na usiporekebisha inafuata notisi ya kuuza ya siku 21 za kazi. Ukiona mwezi mgumu unakuja, nenda benki kabla haujafika.

"Ni heri bondi za serikali"

Kati ya zote, hii ndiyo naiheshimu zaidi, maana ina hesabu ndani yake. Bondi za Uganda, yaani pesa unazoikopesha serikali kwa riba kupitia mnada, hulipa vizuri, na unaweza kuanza na shilingi 100,000. Lakini riba ya bondi hukatwa kodi ya zuio: asilimia 20, au asilimia 10 kwa bondi za miaka 10 na zaidi. Ili ilingane na mkopo wa asilimia 16, bondi fupi inapaswa kulipa asilimia 20 kabla ya kodi, na ile ndefu karibu 17.8. Linganisha na kinachotolewa siku hiyo. Kulipa deni hakukatwi kodi wala hakuna mnada wa kuwania. Faida ya bondi ni kwamba inauzika ukikwama, na hilo lina thamani. Kama mkopo wako ni wa riba ya chini, pengine wa mwajiri, bondi inaweza kushinda bila ubishi.

NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, nayo huingizwa humu. Tangu marekebisho ya sheria ya 2022, mwanachama aliyefikisha miaka 45 na aliyechangia miaka 10 anaweza kutoa hadi asilimia 20 ya akiba yake. Mwaka wa fedha 2023/24 mfuko ulilipa asilimia 11.5. Kwa hesabu kavu, 16 inaishinda 11.5. Ila ile ni pesa ya uzeeni, na wengi wanaoitoa "kwa ajili ya nyumba" nyumba haiioni.

Wale wanaosema usilipe mapema kwa sababu utapoteza nafuu ya kodi wamesoma ya jirani. Kenya inamruhusu mwajiriwa kupunguza mapato yanayotozwa kodi kwa riba ya mkopo wa nyumba anayoishi. PAYE ya Uganda, kodi inayokatwa kwenye mshahara, haijali riba yako ya nyumba.

"Riba niliyosaini ndiyo nitakayomaliza nayo"

Riba nyingi hupanda na kushuka. Mwaka 2011 mfumuko wa bei ulipita asilimia 30, na Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi 23 kufikia Novemba. Waliokuwa na mikopo mirefu waliongezewa malipo au muda. Na aliyekopa kwa dola akifuata riba ndogo, huku mshahara wake ni wa shilingi, alikutana na 2015: dola ilianza mwaka kwenye takriban 2,800, Septemba ikapita 3,600. Salio likiwa dogo, mishtuko kama hiyo inauma kidogo.

"Malipo ya mwisho yakipita, hati ni yangu"

Bado. Kwenye daftari la ardhi rehani ya benki imeandikwa juu ya hati yako, na haifutiki yenyewe kwa kuwa umemaliza kulipa. Omba barua ya kuthibitisha kwamba deni ni sifuri, hati halisi, na waraka wa kuachilia rehani uliosainiwa na benki. Waraka huo upelekwe ofisi ya ardhi ya kanda ilipo hati, iwe Mukono, Jinja au Arua, usajiliwe. Kisha omba taarifa rasmi ya hati uone kama jina la benki limeondoka.

Mwende wawili. Nyumba ya ndoa haikuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi wako, ndivyo sheria inavyotaka, basi naye ajue hati imerudi na inakaa kabati gani. Kuna wajane waliokuta deni limelipwa miaka mingi nyuma na rehani ingali kwenye daftari, wakaanza kuwatafuta maafisa wa benki waliokwisha kustaafu.