Zebaki Machimboni: Kinga Inapomgeukia Mwenyewe

Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Kakamega na Migori, magharibi mwa Kenya, mawe yakishasagwa na unga kuoshwa, matope huchanganywa na zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hushika chembe za dhahabu. Donge lake huchomwa, pengine jikoni palepale panapopikwa ugali, hadi dhahabu ibaki peke yake. Zebaki haijaenda mbali: imekuwa mvuke usio na rangi wala harufu, na asilimia 80 hivi ya mvuke anaouvuta mtu hubaki mwilini.

Mikono kutetemeka, wachimbaji wengi wamesikia. Habari ya kinga husemwa kidogo, na ikisemwa, huonekana kama upungufu wa nguvu tu ambao glasi ya maziwa itauponya. Maziwa hayatoi zebaki mwilini. Isitoshe, sumu hii haidhoofishi kinga tu, huipotosha. Hunata kwenye salfa iliyo ndani ya protini zetu, na protini iliyogeuzwa umbo huweza kuonekana kama mgeni. Ndipo askari wa mwili humpiga mwenye nyumba. Miongoni mwa wachimbaji wa Amazon, Brazili, watafiti walikuta kingamwili, yaani protini ambazo kinga hutengeneza kupambana na wageni, zinazolenga viini vya seli za wachimbaji wenyewe. Kuwa nazo si kuugua, ila si jambo la kupuuza.

Figo ndizo huumia waziwazi. Kingamwili zikikwama kwenye vichujio vyake, protini huvujia kwenye mkojo. Hili Kenya tunalijua tangu 1972, kwa njia isiyohusu dhahabu kabisa: kati ya wagonjwa 60 wa figo za aina hiyo waliochunguzwa Nairobi, zaidi ya nusu walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Krimu za namna hiyo bado zinauzwa, na mama anayechoma dhahabu akijipaka pia, anapata dozi mbili.

Kisha kuna malaria, ambayo huku kwetu magharibi haihitaji kutambulishwa. Kwa panya wa maabara, hata zebaki kidogo ilizuia mwili kujenga kinga dhidi ya vimelea vyake. Panya si binadamu, lakini mchimbaji wa Nyatike, huko Migori, huumwa na mbu kila usiku.

Chomea nje, mbali na watoto na wajawazito, ndani ya chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke. Zebaki hurudi na kutumika tena. Nguo za kazi zisiingie chumbani. Na ukiamka uso umevimba au mkojo una povu, mwambie daktari unachoma dhahabu hata asipouliza, ili apime protini na zebaki kwenye mkojo huohuo.