Simbiosi si jina jingine la kusaidiana

Wiki hii nimelisikia tena redioni: "simbiosi, yaani viumbe kusaidiana." Limezoeleka mno, na linawapotosha watoto wa shule.

Simbiosi ni viumbe wa spishi tofauti kuishi pamoja kwa ukaribu. Basi. Aliyelieneza neno hilo ni Anton de Bary, bingwa wa kuvu wa Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1870. Kwa Kigiriki ni "kuishi pamoja", na de Bary aliwahesabu humo hata vimelea. Kupe aliyeng'ang'ania sikio la ng'ombe yumo. Uhusiano ambao kila upande unapata chake unaitwa kufaidiana, nao ni tawi moja tu la simbiosi.

Na huko kufaidiana nako kusichanganywe na hisani. Nendeni Laikipia, Kenya, mkautazame ule mgunga mfupi wenye miiba iliyovimba chini kama tunguja. Ndani ya uvimbe huo mna uwazi, na humo sisimizi wamefanya makao. Mti unawapa nyumba, tena unawatilia maji matamu kwenye vikonyo vya majani. Gusa tawi uone: wanamiminika nje, matumbo wameyabinua juu, wanauma. Tembo, pamoja na ukubwa wake, huuepuka mti huo, maana hataki sisimizi puani.

Sasa sikilizeni kilichotokea huko huko Laikipia watafiti walipozungushia uzio baadhi ya maeneo ili tembo, twiga na wanyama wengine wakubwa wasiingie. Todd Palmer na wenzake walitoa matokeo mwaka 2008, baada ya miaka 10 hivi ya uzio. Mti usioliwa tena ulipunguza utamu na miiba ya kupangisha. Makundi ya wale walinzi yakadhoofika. Sisimizi wa aina nyingine wakashika mahali pao, ambao hukaa kwenye matundu yaliyotobolewa na mabuu wa mbawakawa, na mbawakawa hao huudhuru mti. Miguu ya tembo haikufika hapo, lakini miti ikakua polepole na kufa zaidi. Msaada uliokuwapo ulisimama juu ya adui wa pamoja. Adui alipoondoka, malipo yakapungua na mkataba ukalegea.

Askari wa kifaru, yule ndege anayetua migongoni mwa wanyama, pia msimwonee haya kumchunguza. Anakula kupe, ni kweli, ila hudonoa vidonda na kunywa damu pia. Siku moja anafaa, siku nyingine ananyonya, na siku zote mbili hiyo ni simbiosi.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, mwanafunzi akiandika kwamba kupe na ng'ombe wana simbiosi, msimkate alama. Na mtangazaji anayetaka kuzungumzia mchwa na kuvu wanaowalima ndani ya kichuguu, aseme tu "wanafaidiana". Wasikilizaji watamwelewa vizuri zaidi.