Matangi ya chuma, kutu na taka za mionzi: maswali kutoka Tanga

Shikamoo daktari. Huku Chongoleani kuna matangi makubwa. Kijiweni wanasema Marekani matangi ya taka za nyuklia yameliwa na kutu yakamwaga sumu. Na sisi je?

Marahaba. Hapo yamechanganywa mambo mawili. Matangi ya Chongoleani ni ya mafuta ghafi ya Uganda. Yakivuja, wavuvi ndio watakaoumia kwanza, lakini taka za nyuklia hazimo. Tanzania haina hata mtambo wa umeme wa nyuklia.

Habari ya Marekani ni kweli. Huko Hanford, jimbo la Washington, yamefukiwa matangi 177 yenye taka zilizobaki baada ya kutengeneza plutoniamu ya mabomu. Matangi 149 yana ukuta mmoja tu wa chuma, na mengi kati ya hayo yanadhaniwa yamewahi kuvuja.

Chuma kinene vile, tena kimefukiwa mbali na upepo wa bahari, kinaliwaje?

Kinaliwa kutokea ndani. Taka zilitoka kiwandani na asidi ya naitriki. Chuma cha pua kingeistahimili, ila ni ghali. Wakatumia chuma cha kawaida na kumimina kostiki, ile ya watengeneza sabuni, kuua asidi. Kostiki ikiwa ya kutosha, chuma husalimika. Lakini naitreti, chumvi inayotokana na asidi hiyo, hubaki humo. Kostiki ikipungua na joto likipanda, naitreti hushambulia penye kuchomelewa, ambako chuma kimebaki na mkazo, na ufa mwembamba huanza. Ndiyo maana kupima unene pekee hakutoshi: bati linaweza kuwa nene vilevile na huku limepasuka. Mwaka 2012 hata tangi moja la kuta mbili, AY-102, liligundulika linavuja kupitia ukuta wa ndani.

Taka hizo zikimfikia mtu zinamfanya nini?

Inategemea ni kitu gani na kimepita wapi. Njia ya kuhofiwa zaidi ni maji ya ardhini. Kati ya vitu vyenye mionzi vilivyomo kwenye taka hizo, strontiamu-90 mwili huipokea kama kalsiamu, ikakaa mifupani, na inaweza kuleta saratani ya mifupa au ya damu. Sizimu-137 husambaa kwenye misuli, na miale yake hupenya mwilini hata usipoimeza. Zote mbili huchukua takriban miaka 30 kupungua nusu.

Tangi langu la maji lina kutu. Nilitupe?

Kutu hiyo haina mionzi. Hubadili rangi na ladha ya maji; lisafishe, lifunike, na maji ya kunywa yachemshe.

Basi sisi hatuna la kuogopa?

Lipo, na liko kwenye vyuma chakavu. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazili, waokota vyuma walifungua kifaa cha tiba chenye sizimu-137 kilichoachwa kwenye kliniki iliyohamwa. Unga wake ulikuwa unang'aa buluu, watu wakagawana, wanne walikufa. Ukikuta chuma kizito chenye alama ya mionzi, yaani mapanga matatu kama ya feni kwenye rangi ya njano, usikikate wala kukipakia. Sogeza watu mbali, toa taarifa polisi, nao wataiarifu Tume ya Nguvu za Atomiki.